Jinsi ya kuipima pawa stesheni ya sola kabla umeme haujakatika: mwongozo kamili

Wengi wakinunua pawa stesheni (betri kubwa ya kubebeka yenye soketi) huifungua sebuleni, huchomeka simu, huona asilimia zinapanda, wanaridhika. Mashine inawekwa kona kusubiri siku ya umeme kukatika. Siku hiyo ikifika, friji inagoma kuwaka. Au ruta inazima saa nane usiku wakati betri bado ina asilimia 60. Au mashine iliyouzwa kwa maneno ya "hii inabeba nyumba nzima" inazima kabla taarifa ya habari ya saa mbili haijaisha. Ukikumbuka kuirudisha dukani, siku za kurudisha zimeshapita na boksi lake linawekewa viatu.

Karibu matatizo yote hayo yanaonekana mapema ukiipima kwa mpangilio ndani ya wiki ya kwanza. Hapa nachukua mfano wa mashine ya ukubwa unaouzwa sana, iliyoandikwa 1024Wh (wati-saa 1,024) na yenye inverta (sehemu inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) ya wati 1,500, ndani ya nyumba ya Tanzania yenye umeme wa volti 230. Ya kwako ikiwa kubwa au ndogo zaidi, badilisha namba tu.

Jambo moja liweke kichwani kabla ya kuanza: uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Kwa hiyo mashine hiyo ikijaa kabisa ina takriban uniti moja ndani yake. Jiulize uniti moja hukaa muda gani nyumbani kwako, ndipo uendelee.

## Vifaa vya kuandaa

- Mita ya kuchomeka, ile inayokaa kati ya soketi na kifaa na kuonyesha volti, wati na jumla ya umeme uliopita. Hii usiikose. Chagua ya plagi ya pini tatu, ya volti 230.
- Multimita ya kawaida ya fundi.
- Mizani ya kupimia uzito wa mtu.
- Vifaa vya kujaribia: feni mbili, runinga, pasi kavu, na friji yenyewe unayotaka kuiendesha.
- Paneli na waya zake, kama umenunua.
- Daftari na kalamu. Picha za simu zinasaidia, ila namba zikiwa zimepangwa kwenye ukurasa mmoja unaona haraka zisipolingana.
- Risiti ya EFD, kadi ya waranti, boksi na mapovu yake magumu ya kuzuia mitikisiko. Usitupe chochote mpaka umalize hatua zote.

Mahali pa kupimia pawe sakafu ya vigae au saruji, penye hewa, mbali na mtungi wa gesi na mbali na maji. Acha nafasi ya shubiri moja kila upande, na usiifunike kitambaa. Najua kitambaa kinapendeza, lakini feni za mashine zinahitaji kupumua. Ikitoa harufu ya kemikali, ikivimba au ikizomea, toa watu nje, funga mlango na upige Zimamoto 114. Usiifungue na usimwite fundi wa mtaani aifungue.

## Hatua ya 1: Soma kibandiko kabla ya kuchomeka chochote

Kibandiko kiko chini au nyuma ya mashine. Tafuta sehemu ya AC, yaani umeme wa aina ya soketi za ukutani. Kinachotakiwa ni 220–240V, 50Hz, kwa kuingiza na kwa kutoa.

Ukikuta 100–120V, 60Hz, simama hapo hapo. Hizo ni mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani. Za Japani huandikwa 100V. Zinakuja na ndugu waliotoka huko, au zinauzwa mtandaoni kwa bei inayovutia. Ukiichomeka kwenye soketi ya ukutani ya volti 230 inaweza kuungua chaja siku ya kwanza. Transfoma ya kushusha umeme itakusaidia kuichaji, lakini umeme unaotoka kwenye mashine utabaki volti 120, na friji yako haiutaki. Mashine ya namna hiyo itafaa kwa USB na vifaa vya volti 12 tu. Kama bado inarudishika, irudishe.

Angalia mambo mengine mawili. La kwanza ni aina ya betri: LiFePO4 au LFP huvumilia kuchajiwa na kuishiwa mara nyingi zaidi kuliko NMC (aina nyingine ya betri ya lithiamu), na kwa mtu ambaye umeme unamkatikia kila wiki tofauti hiyo ni kubwa. La pili ni neno "pure sine wave", yaani umeme wenye mawimbi laini kama wa TANESCO. Kama limeandikwa "modified", usiitegemee kwa friji wala kwa feni. Mota zitavuma na kupata joto.

Kisha ipime uzito. Panda mizani ukiwa umeibeba, panda tena bila kuibeba, toa. Mashine za LFP za takriban 1000Wh huwa na kilo 10 hadi 16. Ukipata kilo nne kwenye boksi lililoandikwa 1000Wh, ndani hamna betri ya ukubwa huo, hata kioo chake kiseme nini.

Umefaulu ikiwa: volti ni 220–240, inverta ni ya "pure sine wave", na uzito unaendana na ukubwa.

## Hatua ya 2: Chaji ya kwanza

Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni. Mashine nyingi za sasa huchaji kwa zaidi ya wati 1,000, na ekstensheni yenye waya mwembamba itapata moto. Kama kuna swichi au programu ya simu ya kupunguza kasi ya kuchaji, ishushe hadi wati 400 au 500 kwa siku hizi za majaribio. Kuchaji polepole hakudhuru betri, na mfumo wa waya wa nyumba za kupanga unashukuru.

Baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa vuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, chomoa. Mara nyingi tatizo ni soketi iliyolegea, nayo ibadilishwe kabla hujaendelea.

Iache ifike asilimia 100, kisha iache saa moja zaidi ili seli zake zijisawazishe. Mashine mpya hutoka kiwandani ikiwa na chaji nusunusu, na asilimia inazoonyesha siku ya kwanza si za kuaminika sana.

## Hatua ya 3: Toa umeme wote, uhesabu uliotoka

Hiki ndicho kipimo kinachorukwa na karibu kila mtu. Ukiwa na muda wa kufanya kimoja tu, fanya hiki.

Chomeka mita kwenye soketi ya AC ya mashine, kisha chomeka kwenye mita feni mbili na runinga. Unataka mzigo wa kati ya wati 150 na 300 ulio tulivu. Rudisha hesabu ya mita kwenye sifuri, andika saa, washa.

Kila nusu saa andika vitu vitatu: asilimia kwenye kioo, wati kwenye mita, na jumla ya umeme uliotoka. Endelea mpaka mashine ijizime yenyewe. Usiikatishe kwenye asilimia 10 kwa huruma. Zile asilimia za mwisho ndizo zenye siri.

Sasa hesabu. Inverta hula sehemu ya umeme inapougeuza kutoka DC (umeme wa betri) kwenda AC, kwa hiyo hutapata wati-saa 1,024 zote. Kwa mzigo wa kati tarajia asilimia 80 hadi 90. Asilimia 85 ya 1,024 ni takriban wati-saa 870. Kwa mzigo wa wati 200 hiyo ni saa 4 na dakika 20 hivi.

Chini ya asilimia 75, yaani wati-saa 768, rudia kipimo mara moja baada ya kuijaza tena kikamilifu. Ikirudi vilevile, una hoja ya kwenda nayo dukani, na una daftari la kuionyesha.

Tazama pia jinsi asilimia zilivyoshuka. Mashine iliyoshuka taratibu hadi 18 kisha ikazima ghafla inaweza kuwa inajikosea hesabu tu. Kuijaza na kuimaliza mara moja au mbili huirekebisha. Ikiendelea baada ya hapo, kuna seli dhaifu ndani.

### Mtego wa mzigo mdogo

Watu hupiga hesabu hivi: ruta inakula wati 10, betri ni 1,024, kwa hiyo nina intaneti kwa saa 100. Hutazipata. Inverta ikiwa imewashwa tu, bila kuwa na kitu chochote kilichochomekwa, inakula umeme wake yenyewe. Kwenye mashine za ukubwa huu wati 10 hadi 25 si ajabu. Ikila 15 na ruta 10, jumla ni 25, na saa 100 zimekuwa karibu 40.

Pima yako: ikiwa imejaa, washa AC bila kuchomeka chochote (hali ya ECO ikiwa imezimwa, tazama Hatua ya 6), iache usiku kucha, asubuhi soma asilimia. Ikipungua asilimia 15 kwa saa 10, inverta imekula kama wati-saa 150, yaani wati 15.

Dawa yake ni rahisi. Ruta nyingi zinatumia volti 12 za DC. Soma adapta yake. Ikiwa inalingana na tundu la volti 12 la mashine kwa volti na kwa upande wa chanya, nunua waya unaofaa na uzime AC usiku. Taa za USB na simu hivyo hivyo.

## Hatua ya 4: Ijaze tena, safari hii hesabu unaoingia

Mashine imefika sifuri. Usiiache hivyo siku mbili; ichaji siku hiyo hiyo, ukiweka mita kati ya soketi ya ukutani na mashine.

Kutoka sifuri hadi 100, mashine ya 1024Wh huvuta takriban uniti 1.1 hadi 1.25, kwa kuwa kuchaji nako kuna kinachopotea njiani. Mantiki ya kipimo hiki ni kwamba huwezi kutoa usichoingiza. Ikijaa baada ya kuvuta uniti 0.6, betri yenye wati-saa 1,024 haimo, na hakuna maelezo ya muuzaji yanayoweza kubadilisha hilo.

Huna mita ya kuchomeka? Tumia ya LUKU. Kwenye mita yenyewe kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu nayo pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kila mpepeso ni wati-saa moja. Zima kila kitu ndani, acha mashine peke yake ikichaji, hesabu mipepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60. Mipepeso 8 ni wati 480. Kama mita yako imeandikwa 1600 au 3200, kila mpepeso ni mdogo zaidi, gawanya ipasavyo. Kwa jumla ya chaji nzima, andika uniti zilizosomeka mwanzoni na mwishoni, na mwanzoni mwa zoezi hakikisha friji imezimwa, la sivyo utaisingizia mashine.

Umefaulu ikiwa: ulichotoa kwenye Hatua ya 3 ni takriban asilimia 70 hadi 80 ya ulichoingiza hapa.

## Hatua ya 5: Mzigo mzito

Sasa tunaipima inverta, si betri. Lengo ni asilimia 80 ya uwezo wake kwa dakika 15. Kwa inverta ya wati 1,500 hiyo ni wati 1,200: pasi kavu ya wati 1,000, runinga na feni. Pasi hujizima ikipata moto, kwa hiyo usiitazame tu. Piga nguo kweli.

Wakati pasi inavuta, soma volti kwenye mita. Zikae kati ya 220 na 240. Zikishuka hadi 200 au chini, inverta inahema. Sikiliza feni za mashine: zinapaswa kuwaka. Harufu ya plastiki ni alama ya kuacha mara moja.

Mashine nyingine zina hali ya "kuongeza nguvu" inayoziwezesha kuendesha birika la wati 2,000 kwa inverta ya wati 1,500. Si miujiza. Inashusha volti ili birika lile kidogo. Kwa birika na pasi haina shida; kwa friji, pampu na kompyuta ni hatari. Izime kwenye mipangilio na uisahau.

Mwisho, mara moja tu, ongeza birika makusudi juu ya pasi. Mashine nzuri inakata, inatoa mlio au alama, na ukipunguza mzigo inawaka tena. Ikiendelea kubeba huku inanguruma bila kukata, kinga yake haifanyi kazi.

## Hatua ya 6: Friji

Hapa ndipo vilio vingi vinapotoka. Friji ikiwa inaendelea inakula wati 80 hadi 150, watu huona ni kidogo. Lakini kompresa ya kawaida inapoamka huvuta mara kadhaa ya hapo kwa sehemu ya sekunde. Mashine ndogo, au yenye inverta iliyochoka, hukata pale pale. Friji zenye kompresa ya inverta huamka taratibu na hazina tabu hiyo.

Fanya hivi:

Kwanza, zima friji ukutani na usubiri dakika tano. Ukiiwasha papo hapo gesi bado ina mgandamizo, kompresa inakwama, na utadhani mashine ndiyo mbovu.

Pili, ichomeke kwenye mashine kupitia mita, ikiwa peke yake. Washa. Utasikia kompresa ikishika, namba kwenye kioo itaruka kisha itulie. Ikishika kwa mtetemo mrefu au taa ya ndani ikififia sana, andika.

Tatu, rudia huku feni na runinga zikiwaka kwenye mashine hiyo hiyo. Ndivyo hali itakavyokuwa usiku wa kweli.

Nne, na hii ndiyo ya kukaa nayo: iache friji kwenye mashine angalau saa nne bila kuigusa. Kompresa itazima ikishapoza, na kwa dakika kadhaa friji haitavuta karibu chochote. Mashine nyingi zina hali ya ECO inayozima AC ikiona hakuna mzigo. Inazima, kompresa inataka kuamka tena, haipati umeme. Kioo kitakuonyesha betri asilimia 70, wewe umelala, nyama inayeyuka. Hicho hicho ndicho kinachozima ruta usiku. Tafuta ECO au muda wa kujizima, weka "never" au sifuri, kisha rudia kipimo uone kompresa ikiamka mara tatu nne yenyewe.

Kama unatumia Fridge Guard (kifaa kinachokata umeme ukipanda au kushuka), mahali pake ni kati ya ukuta na mashine, si kati ya mashine na friji. Ukikiweka baada ya mashine, umeme ukibadilika kidogo kitakata na kusubiri dakika zake, na friji itakaa bure. Kikiwa kabla ya mashine, kinalinda vyote viwili, na muda kinaposubiri mashine inabeba mzigo kwa betri.

Acha mita kwenye friji kwa saa 24 uone inakula kiasi gani kwa siku. Kwa joto la Dar es Salaam, friji ya wastani inayofunguliwa na watoto kutwa nzima inaweza kufika uniti moja. Hapo utaelewa kwamba mashine ya 1024Wh haiwezi kuiendesha usiku na mchana pamoja na mengine. Wala haina haja. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kama saa nne, na friza iliyojaa, isiyofunguliwa, karibu saa 48. Iwashe kwa muda wa saa moja, izime kwa muda wa saa mbili, na mfunge mlango.

## Hatua ya 7: Kukatika na kurudi

Mashine nyingi hudai kubadilisha kutoka TANESCO kwenda betri kwa milisekunde 10 hadi 30. Chomeka mashine ukutani, chomeka runinga, king'amuzi, ruta na kompyuta ya mezani kwenye mashine. Hifadhi kazi yako kwanza. Kisha zima swichi ya soketi ya ukutani.

Taa inaweza kupepesa kidogo. Ruta isizime. Kompyuta isijiwashe upya. Ikijiwasha, rudia mara mbili, na ikiendelea ina maana kwa kompyuta hiyo utahitaji UPS ya kawaida. Washa swichi, uone inarudi bila vurugu. Rudia zoezi kwa kuzima meni swichi.

Lirudie pia saa mbili usiku. Mitaa mingi umeme hushuka jioni watu wanapopika na kuwasha feni. Pima soketi kwa multimita. Zikiwa volti 180, mashine inaweza kuhesabu kwamba umeme umekatika, ikahamia kwenye betri, ikarudi, ikahama tena, tik-tak usiku kucha. Asubuhi betri iko chini ingawa TANESCO hawakukata hata dakika moja. Dawa ni kiimarisha umeme (stabilaiza) kabla ya mashine, au kuichaji mchana na kuchomoa jioni.

Umeme wa TANESCO ukiwepo, unapita tu ndani ya mashine kwenda kwenye vifaa vyako. Ukiruka juu, na wenyewe unapita. Usiichukulie mashine kuwa kinga ya runinga.

Onyo: usitengeneze waya wenye plagi pande mbili ili "kuingiza" umeme wa mashine kwenye soketi za nyumba. Meni swichi ikisahaulika, umeme unatoka hadi kwenye nguzo, na yuko fundi juu anayeamini waya umekufa. Ukitaka taa za nyumba ziwake, inahitajika swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Na tester ya bisibisi ikiwaka kwenye matundu yote mawili ya mashine, usishtuke. Inverta nyingi za kubebeka ziko hivyo.

## Hatua ya 8: Paneli

Anza na multimita, paneli ikiwa juani na haijaunganishwa. Weka DC, nyekundu kwenye chanya. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, waya zimegeuzwa. Rekebisha kabla ya kugusa mashine.

Linganisha volti na kiwango cha juu cha tundu la sola kwenye kibandiko. Mashine nyingi za ukubwa huu zinaishia volti 60. Paneli moja kubwa ya juu ya paa ya wati 550 huwa na karibu volti 50 ikiwa haina mzigo: inaingia. Mbili zikiungwa mfululizo ni 100, na mashine inaungua bila waranti kukulipa, kwa sababu kosa ni lako. Acha nafasi ya asilimia 10 hadi 15 chini ya kikomo, hasa kama uko Njombe au Makete, maana baridi ya asubuhi huongeza volti za paneli.

Kisha:

1. Shusha betri hadi karibu asilimia 50. Betri iliyo asilimia 97 inapokea wati chache tu hata jua likiwa kali, na watu hurudisha paneli nzima kwa sababu hiyo.
2. Unganisha kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana. Paneli juani, mashine kivulini.
3. Laza paneli. Miguu ya paneli za kukunja imetengenezwa kwa nchi za mbali na ikweta, inaisimamisha nyuzi 40 au zaidi. Kwetu jua la mchana liko karibu utosini, kwa hiyo paneli iwe karibu bapa, ikiinama kidogo kaskazini kwenye mwezi wa sita, kidogo kusini kwenye mwezi wa 12.
4. Soma wati zinazoingia. Paneli ya wati 200 ikitoa 130 hadi 160 iko sawa. Namba ya kwenye boksi imepimwa paneli ikiwa na nyuzijoto 25. Juani kwetu hufika 60.
5. Weka kiganja juu ya kona moja ya paneli. Utaona wati zikiporomoka kuliko ukubwa wa kivuli. Ndivyo utakavyofanya uzi wa kuanikia nguo au kuti la mnazi.

Ukiimaliza siku, jumlisha. Paneli ya wati 200, kwa muda wa saa tano za jua zuri, huleta kama wati-saa 700. Haitoshi kuijaza mashine yetu kwa siku moja, na masika ndiyo usitegemee. Unapochomoa, ifunike paneli kwanza. Kuchomoa waya huku inazalisha hutoa cheche zinazokula viunganishi.

## Hatua ya 9: Mgao wa bandia

Chagua jioni ya kawaida. Waambie watu wa nyumbani mapema, la sivyo utamsikia mama mkwe akiuliza nani hakulipa LUKU. Saa 12 jioni zima meni swichi. Mashine ikiwa imejaa, endesheni kile mtakachotaka kuendesha umeme ukikatika kweli, mpaka saa 12 asubuhi.

Andika asilimia kila saa hadi mnapolala, kisha asubuhi. Mfano wa mgawanyo unaowezekana kwa wati-saa 870 zinazotumika:

- Taa nne za LED za wati 9, saa tano: 180
- Runinga ya inchi 32 na king'amuzi, saa tatu: 180
- Feni moja ya wati 50, saa nne: 200
- Ruta kwenye volti 12, saa 12: 120
- Simu nne: 60

Jumla 740, na friji haimo. Mkiitaka friji kwa muda wa saa mbili tatu, feni ipungue au paneli iongezwe. Huu ndio uamuzi wa kufanya sasa mezani, si gizani.

Asubuhi ikibaki asilimia 10 au zaidi, mpango wenu unafanya kazi. Bandika orodha hiyo kwenye ubavu wa mashine kwa selotepu ili aliye nyumbani, hata kama wewe umesafiri, ajue cha kuchomeka na cha kuacha.

## Ukipata kasoro

Nenda dukani na daftari, risiti ya EFD na video fupi ya mita na kioo vikionekana pamoja. Sema namba: "Imeingia uniti 1.2, zimetoka wati-saa 610 kwa mzigo wa wati 200, mara mbili." Muuzaji aliyezoea kusikia "haikai chaji" atakusikiliza tofauti, na wakala wa waranti atakuuliza hizo hizo.

Iliyofaulu, ikiwa haitumiki, iweke kwenye asilimia 50 hadi 60 mahali pasipo joto, na kila baada ya miezi mitatu uijaze, urudie Hatua ya 3, na uandike matokeo chini ya yale ya kwanza.